Ekari nne zilizopimwa kwa hatua: kisa cha tabibu aliyehamia mji mdogo mkoani Njombe

Kisa hiki nakiandika kwa ridhaa ya wenyewe, mume na mke. Majina nimeyaondoa, kijiji sikitaji, na mambo machache yanayoweza kuwatambulisha nimeyabadili. Nilikuwa afisa ugani wa eneo hilo. Niliingia katika habari hii nikiwa nimechelewa, na sehemu ya kosa ni yangu. Nitaieleza mahali pake.

Usuli

Mhusika mkuu ni tabibu mwenye umri wa miaka thelathini na kitu, aliyefanya kazi Dar es Salaam kwa miaka minane. Mke wake ni fundi cherehani. Wana watoto wawili, mmoja wa shule ya msingi na mwingine hajaanza. Walikuwa wamepanga Mbagala, na kila mwisho wa mwezi hesabu ilikuwa ileile: kodi, nauli, ada, na kilichobaki hakimalizi wiki.

Tabibu aliomba uhamisho mwenyewe. Hilo lina uzito wake, kwa sababu mtumishi anayehamishwa kwa matakwa ya mwajiri hulipwa gharama za kuhama, ila anayeomba mwenyewe hujibebea. Alilijua hilo na akakubali. Alichokuwa anakifuata ni ardhi. Njombe, mkoa uliomegwa kutoka Iringa mwaka 2012, umejijengea jina kwa parachichi aina ya Hass, na yeye alikuwa na picha kichwani ya miti mia tatu, nyumba ya tofali za kuchoma katikati, na watoto wakicheza uwanjani badala ya kwenye varanda la wapangaji saba.

Alipangiwa kituo cha afya katika mji mdogo: barabara moja ya lami, soko la gulio mara moja kwa wiki, maduka ya pembejeo, shule, na vijiji pande zote. Kutoka Dar es Salaam ni safari ya kilomita kama 700, unapanda hadi kwenye nyanda za juu karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Shamba alilokuja kununua liko nje ya mji, katika kijiji jirani. Msomaji ashike hapo, maana ukishavuka mpaka wa mji ukaingia kijijini, ardhi inasimamiwa kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na mwenye neno la mwisho juu ya nani anamuuzia nani ni halmashauri ya kijiji. Ofisi ya mjini haihusiki.

Mambo yalivyofuatana

Alifika Julai, peke yake. Familia ingemfuata Desemba, mtoto mkubwa akishamaliza mwaka wa masomo. Alipanga vyumba viwili kwa mama mmoja mjane. Julai ya Njombe si ya mchezo kwa mtu wa pwani, na usiku wa tatu aliingiza jiko la mkaa chumbani. Mama mwenye nyumba alipoona mwanga chini ya mlango alimgongea: "Dokta, wewe ndiye unayetufundisha kliniki tusifanye hivi." Akampa blanketi la pili. Tangu siku hiyo mama huyo akawa mwalimu wake wa mambo mengi, lakini kuhusu shamba tabibu hakumuuliza kitu. Aliniambia baadaye kwamba aliogopa habari ikienea, bei ingepanda.

Oktoba alionyeshwa eneo. Wenyeji wa huku wanajua Oktoba ilivyo: mvua za mwisho zilikwisha tangu Mei, milima imekauka, vumbi limetanda. Kitu pekee cha kijani ni mabondeni, kwenye vinyungu, zile bustani za kiangazi ambako unyevu wa kijito unatosha kukuza kabichi na mahindi ya kuchoma. Muuzaji, mzee aliyeheshimika, alimpitisha moja kwa moja hadi bondeni. "Huku chini ndipo penye rutuba, Dokta. Juu huko ni udongo wa kuhangaika nao." Tabibu aliona kabichi zimefunga vizuri, maji yanatiririka, na pembeni visiki vingi vya milingoti, yaani mikaratusi. Vile visiki alivihesabu kama kuni za bure.

Kijana wa mzee alipima kwa hatua: sabini kwa sabini, mara nne, viwanja vinne vilivyoshikana, viwili juu na viwili chini. Ekari nne, kila moja shilingi milioni 1.1. Tabibu alikuwa amekopa milioni tano kwenye SACCOS, makato yake yakiusogeza mshahara karibu na ile theluthi moja ambayo haikatwi, mtumishi lazima abaki nayo. Walikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, wakaandika karatasi ya makubaliano, mashahidi wawili wakatia saini, pesa zikahesabiwa mezani. Halmashauri ya kijiji haikuhusishwa. Mzee alisema kupeleka huko ni kuongeza gharama na kusubiri kikao. Mke wa mzee hakuwepo. Mke wa tabibu alipata habari kwa simu jioni ile, na picha tatu za kabichi.

Mvua zilipoanza Novemba alinunua miche 120 ya parachichi, iliyobebeshwa, akanipigia simu kuuliza nafasi ya kupandia. Nilimwambia mita 7 kwa 7, shimo pana, samadi iliyooza vizuri, na kwamba miche ya Hass ikitunzwa huanza kuonyesha matunda mwaka wa tatu au wa nne. Ushauri ulikuwa sahihi, lakini sikumuuliza shamba lake liko wapi, wala sikwenda kuliona. Alikuwa na zamu, mimi nilikuwa na vikao vya pembejeo. Vibarua walichimba mashimo 70 bondeni, kwa kuwa udongo wake laini, na 50 juu.

Familia iliwasili wiki ya pili ya Desemba. Siku ya tatu mke alivaa mabuti akaenda kuliona shamba. Alizunguka lote, na swali la kwanza alilomuuliza jirani aliyekuwa akipalilia ng'ambo lilikuwa kuhusu visiki. "Hii milingoti ilikatwa kwa nini, na mbao zina bei?"

Jirani alimjibu bila kuficha. "Kijiji kiliamuru, dada. Ilikuwa inakausha chemchemi. Hapa chini watu wanalima vinyungu tu, na hivyo vyenyewe tunakatazwa kila mwaka. Hapajengwi, wala hapapandwi miti ya kudumu."

Januari kijana mkubwa wa muuzaji alirudi kutoka Mbeya alikokuwa akifanya kazi, akakuta shamba la familia limeuzwa. Hakupiga kelele. Alikwenda kwa mtendaji wa kijiji na kuandikisha malalamiko kwamba eneo hilo ndilo mama yake alilokuwa akilima, na kwamba hakuna aliyeulizwa. Wiki hiyohiyo miche ya bondeni ilianza kunyauka huku imesimama kwenye maji. Majani yakapoteza rangi, na ukiung'oa mche mizizi inakatika mkononi, myeusi. Parachichi haivumilii maji yaliyotuama. Mizizi inaoza haraka kuliko mkulima anavyowahi kuchimba mtaro. Hadi Aprili ilikufa 58 kati ya 70.

Kuna jambo jingine lililotokea, nalo ndilo lililomuumiza zaidi. Mke wa muuzaji alikuwa na presha na alihudhuria kliniki pale kituoni. Habari ya malalamiko ilipoenea, aliacha kuja. Mwezi wa kwanza tabibu alidhani ni mvua. Mwezi wa pili alielewa. Mama yule aliona haya kukaa mbele ya mtu aliyenunua shamba lake bila yeye kujua, na pengine aliogopa. Tabibu aliniambia kwamba usiku ule hakuwaza fedha. Aliwaza dawa zilizokwisha katika nyumba ile.

Maamuzi waliyofanya, na kwa nini

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wa mke: wasimame. Vibarua wasiitwe tena, miche mingine isinunuliwe, tofali zilizokwisha kuagizwa zisimamishwe. Mume alitaka kuchimba mitaro kuokoa bondeni. Mke alimwambia kila shilingi wanayoiweka pale inaongeza hasara yao kwenye mazungumzo yajayo, na alikuwa sahihi.

Uamuzi wa pili ulihusu yule mama. Tabibu hakwenda nyumbani kwake, ingawa moyo ulimtuma. Alimwomba muuguzi mwenzake, mwanamke mwenyeji, ampelekee ujumbe kwamba kliniki ipo kama kawaida na kwamba atahudumiwa na mtu mwingine. Akamkabidhi muuguzi yule faili. Mama alirudi kliniki baada ya siku kumi. Ninalisifu sana jambo hili, kwa sababu mgonjwa na mgogoro vilitenganishwa kabla ya shauri kusikilizwa, hivyo hakuna aliyeweza kusema dawa zilitumika kumlainisha.

Uamuzi wa tatu ulikuwa wapi pa kupeleka shauri. Rafiki mmoja wa mjini alimshauri aende polisi, adai ametapeliwa. Mama mwenye nyumba akasema hapana: "Ukimpeleka mzee polisi, utakuwa umeshinda na hutakuwa na mtu wa kukuzika." Walikwenda baraza la ardhi la kijiji. Kwa sheria baraza hilo lina wajumbe saba, watatu kati yao wanawake, na kazi yake ni kusuluhisha. Haliwezi kumlazimisha mtu, lakini kijijini mzee anayekataa suluhu mbele ya wajumbe saba anaowafahamu tangu utoto anajitenga mwenyewe.

Uamuzi wa nne ulikuwa kupima upya kabla ya kuzungumza fedha. Hapo ndipo nilipoitwa. Nilikwenda na futi ndefu ya mita 50, yule kijana wa mzee aliyepima kwa hatua akashika ncha moja na mke wa tabibu ncha nyingine.

Zile hatua sabini

Nitakaa kidogo hapa, kwa sababu nimeona watu wengi wakiumia kwa jambo hili.

Kipimo cha hatua 70 kwa 70 si cha kubahatisha. Kilitokana na yadi. Ekari moja ni yadi za mraba 4,840, na sabini mara sabini ni 4,900, karibu sawa kabisa. Sharti lake ni kwamba hatua moja iwe yadi nzima, yaani sentimita 91, hatua ya mtu anayejivuta. Kijana aliyepima alitembea kawaida, akishuka na kupanda mteremko kwenye nyasi ndefu. Hatua yake tuliipima ikawa karibu sentimita 80. Sabini zake ni mita 56. Mita 56 kwa 56 ni mita za mraba 3,136, wakati ekari ni 4,047. Kila "ekari" ilipungua kwa karibu robo. Nne zilikuwa ekari 3.1. Kijana hakukusudia kuiba. Ndivyo wanavyopimiana wenyewe, na wakiuziana wenyeji kwa wenyeji kila mtu anajua anachokiona kwa macho.

Kisha tukapima kutoka ukingo wa kijito. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto na vyanzo vya maji. Shamba lilikuwa mraba wa mita 112 kwa 112, na upande mmoja mzima uligusa kijito. Mita 60 kwa 112 ni ekari 1.66 zisizojengwa wala kupandwa miti ya matunda. Kilichobaki ni ekari 1.44. Mtu aliyelipia nne alikuwa na moja na nusu kasoro.

Mke alishusha futi chini na kunyamaza kwa muda. Mzee, aliyekuwa amesimama juu ya kilima akitazama, alishuka akaja akasema, "Sikujua ni ndogo hivyo." Nilimwamini, na ninaendelea kumwamini.

Matokeo

Baraza lilikaa vikao viwili. Fedha za mzee zilikuwa zimekwisha: bati za nyumba na ada ya mjukuu. Kumdai arudishe taslimu kungekuwa kumtaka auze kipande kingine, na kijana wake mkubwa asingekubali. Mjumbe mmoja mwanamke ndiye aliyeuliza swali lililofungua njia: mama mwenyewe anataka nini? Mama alisema anataka bondeni, alime kabichi zake, na juu hapamhusu.

Makubaliano yalikuwa haya. Pungufu ya ekari 0.9 ingefidiwa kwa nusu ekari ya nyongeza upande wa juu, jirani na barabara ya mtaa, na matumizi ya ekari nyingine moja ya mzee bila kodi kwa misimu mitatu ya viazi. Mama angeendelea kutumia bondeni kwa mboga kwa kadiri kijiji kinavyoruhusu, na ukingo wa kijito ungepandwa mivengi, miti rafiki wa maji, kwa nguvu za pande zote mbili. Mama na kijana wake mkubwa walitia saini. Safari hii karatasi ilipelekwa kwenye halmashauri ya kijiji, ikajadiliwa kwenye kikao, na maombi ya hati ya hakimiliki ya kimila yakaandikwa kwa majina mawili, la mume na la mke.

Hasara halisi ya fedha: miche 58, vibarua wa msimu mmoja, amana ya tofali. Riba ya SACCOS inaendelea.

Msimu wa kwanza wa viazi uliwapa chakula na magunia machache ya kuuza. Miche 50 ya juu imeshika vizuri, na wameongeza 30.

Kilichowashikilia kifedha, hata hivyo, hakikutoka ardhini. Mke alikuja na cherehani akitarajia kushona magauni kama Mbagala. Baada ya wiki tatu aliona kwamba mji huu unahitaji kitu kingine: masweta ya shule. Aliuza cherehani moja kati ya mbili, akanunua mashine ya kufuma iliyotumika, akajifunza kwa mama mwenye nyumba, aliyekuwa akifuma kwa mkono. Msimu wa baridi ulipofika alikuwa na oda za shule mbili. Siku ya gulio anatoa bidhaa barazani. Makato ya mkopo ya mwaka ule yaliwezekana kwa sababu ya sweta.

Uchambuzi

Nikianza na yaliyofaa: kuja peke yake kwanza na kumwacha mtoto amalize mwaka wa shule kulikuwa kwema. Kupanga nyumba badala ya kukimbilia kujenga kulikuwa kwema zaidi, maana mgogoro ulipozuka hakukuwa na msingi uliomwagwa wala ukuta wa kuvunja. Uamuzi wa kwenda kwenye suluhu ya kijiji ulitokana na kuelewa kwamba atahudumia watu hawa kwa miaka. Mtumishi wa afya, mwalimu, afisa ugani, mtendaji: sisi hatununui ardhi kama wanunuzi wengine. Muuzaji wako leo ni mgonjwa wako kesho, au mzazi wa mwanafunzi wako. Bei unayolipa ina sehemu isiyoandikwa kwenye karatasi.

Kosa lililozaa mengine ni kununua kiangazi. Oktoba bonde linavutia kwa sababu ya unyevu uleule utakaoua miche Januari. Angekodi ekari moja ya viazi msimu mmoja, akaliona eneo likiwa na mvua, angejua maji yanasimama wapi, njia inapitika lini, na nani hasa anaonekana na jembe pale. Angemwona mama. Kukodi kwa msimu ni jambo la kawaida huku na gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na miche iliyooza peke yake.

Usiri ulimgharimu kuliko bei. Aliogopa watu wakijua watapandisha, akajinyima watu ambao wangemwambia habari ya milingoti kwa sentensi moja. Visiki vilikuwa pale, vinaonekana. Mgeni anaona kuni, mwenyeji anaona amri ya kijiji. Mke alilifumbua kwa siku moja kwa sababu aliuliza mtu aliyekuwa na jembe mkononi, wala hakuwa na kitu cha kuuza.

Kukwepa halmashauri ya kijiji kulionekana kuokoa muda. Kile kikao alichokikwepa ndicho ambacho kingeuliza mke wa muuzaji yuko wapi, familia itabaki na shamba gani, na eneo liko umbali gani na maji. Saini ya mwenyekiti wa kitongoji na mashahidi wawili inathibitisha kwamba pesa zilihesabiwa. Haithibitishi kwamba kijiji kimeridhia.

Upande wangu: niliulizwa nafasi ya kupandia, nikajibu nafasi ya kupandia. Baada ya kisa hiki, mtu akinipigia simu kuhusu parachichi namuuliza kwanza kama amechimba shimo la kina cha mita moja mvua zikiwa zimekolea, na kama kesho yake alikuta maji ndani. Kama hajachimba, naomba asubiri au nakwenda mwenyewe.

Kuhusu mke, nasema kwa uwazi kwamba kumfanya apokee habari kwa simu halikuwa jambo dogo la adabu ya ndoa. Kulikuwa ni kununua shamba bila jicho la pili. Yeye ndiye aliyeona visiki, aliyesimamisha matumizi, aliyeshika ncha ya futi, na aliyeleta kipato. Pia ndiye aliyekwenda misibani. Mume alikuwa na zamu; mke alikwenda kumenya viazi na kuchota maji na wanawake wenzake, na vikao vya baraza vilipofika, wajumbe wale watatu walikuwa wamekwisha kula chakula alichopika.

Shauri limefungwa lakini mambo hayajaisha. Hati ya kimila haijatoka. Ramani ya eneo inasubiri wapimaji wa halmashauri ya wilaya. Mivengi ya ukingoni imepandwa, mingine imeliwa na mbuzi, na mwezi ujao kijana wa mzee atakuwa likizo kutoka Mbeya, kwa hiyo wamepanga kuirudishia pamoja mvua za kwanza zikinyesha. Nimeombwa niende na futi.